Fundi wa draiva wa Ujiji: mizani ya dagaa haistakishi tena laptopu yetu

Wiki hii watu watatu wa Kibirizi, hapa Kigoma, wameniuliza ile laptopu ya mizani niliipeleka kwa nani, na nimechoka kurudia kwa voisi noti za dakika nne nne, kwahiyo naandika hapa yote, mazuri yake na mabaya yake, mwenye haraka ashuke chini kabisa kwenye bei.

Sisi, yaani mimi na mjomba, tunanunua dagaa wakavu kwa jumla, tunapima magunia tunapakia. Mwaka jana tukanunua mizani ya kidijitali ya kilo 300 inayokuja na kisanduku chake cha USB, unachomeka kwenye laptopu na uzito unaingia wenyewe kwenye hesabu, hakuna tena mambo ya mtu kudai umemwandikia 48 wakati lilikuwa 52, maana hapa kwetu ugomvi wa kilo nne unaweza kufika kwa mwenyekiti wa mtaa. Laptopu ni ya zamani, inatumia Linux badala ya Windows, niliiweka mwenyewe baada ya kuchoka na virusi vya flashi za wateja. Mizani nayo ilikuja na flashi, ndani kuna draiva, ile programu ndogo inayoingia ndani kabisa ya keneli (kiini cha Linux kinachosimamia kompyuta nzima) kuiambia jinsi ya kuongea na kifaa, na bahati nzuri mtengenezaji aliweka na kodi yake yote ya kusomeka (sio kodi ya TRA jamani, kodi ya programu). Bila hiyo kodi hata huyu fundi asingeweza kitu, kumbukeni hilo mkienda kununua vyenu.

Sasa shida. Wiki ya kwanza tu. Kile kisanduku kinakula umeme wa ukutani, ukikatika kinapotea ghafla huku laptopu bado iko hai na betri yake, basi hapohapo laptopu inastaki, kipanya hakisogei, taa ya Caps Lock inapepesa kama inamkonyeza mtu, unabaki kubonyeza batani mpaka izime. Hivyohivyo mtu akipita na gunia kichwani akakanyaga waya ukachomoka. Halafu kuna ya asubuhi, siku nyingine unawasha kila kitu vizuri mizani haionekani, unazima unawasha, haionekani, mara ya tatu inaonekana kama hakuna kilichotokea. Na ukibahatika isistaki siku tatu mfululizo inaanza kuwa nzito, nzito, mpaka kufungua hesabu ya jana inabidi uende ukanywe chai urudi.

Kabla ya huyu nilishaliwa hela mara mbili, sitaji mtu. Wa kwanza aliipiga fomati akachukua elfu thelathini, kesho yake umeme ukakatika, ikastaki vilevile ila sasa na hesabu za miezi miwili hazipo. Wa pili alisema RAM imechoka, akaniuzia nyingine, ikastaki ikiwa na RAM mpya. Mjomba akaanza kusema turudi kwenye daftari na kalamu, na kusema kweli nilikuwa sina cha kumjibu.

Huyu wa Ujiji nilielekezwa na kijana mmoja wa stationari pale Mwanga. Yuko kwenye chumba cha nyuma ya duka la cherehani, chini ya mwembe, na sio ule mwembe wa watalii wa Livingstone na Stanley wa 1871, huu ni mwembe wa kawaida tu wenye kuku chini yake. Hakuna kibao. Ukifika unaulizia kwa mama wa cherehani, anapiga kelele "we fundi, mgeni wako!" anatoka bwana mdogo mmoja amevaa kandambili, na mimi moyoni nikasema haya, nimeliwa mara ya tatu.

Ila swali lake la kwanza likanifanya nikae chini. Hakuuliza laptopu ni aina gani, aliniuliza "dada, sekunde ya mwisho kabla haijastaki mkono wako unakuwa wapi?" Nikamwambia siko popote, waya ndo unachomoka. Akasema basi RAM nzima, diski nzima, tatizo liko kwenye namna draiva inavyofungasha mizigo. Halafu akakataa kuichukua laptopu peke yake, akanirudisha Kibirizi nikalete mizani nzima na kisanduku na ule ule waya unaochomoka, bajaji kwenda na kurudi, nilimlaani njia nzima. Baadaye nilielewa, maana ugonjwa wenyewe ukiwa hauna mizani hauonekani.

Nilimpelekea wakati wa mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa vipe (mitumbwi ya kuvulia dagaa) haviendi ziwani, dagaa hawafuati taa, biashara inalala, ndo nafasi yangu pekee ya kukaa bila mizani. Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nilishinda pale siku mbili namwangalia, ndo maana naweza kuwaeleza, na yeye anaeleza vizuri ukimuuliza, usipomuuliza hasemi kitu hata salamu anaitikia nusu.

Kwanza alitaka kuisikia keneli inasema nini wakati inakufa. Shida ni kwamba ikistaki skrini haiandiki kitu na diski haihifadhi kitu, kwahiyo akachomeka waya wa netiweki kutoka laptopu yetu mpaka ya kwake, akawasha kitu kinaitwa netconsole, keneli ikifa maneno yake ya mwisho yanatokea kwa jirani. Halafu akaijenga keneli upya ikiwa na KASAN, huyo ni mlinzi wa memori aliyeingia kwenye Linux toleo la 4.0 mwaka 2015, kwa kila baiti 8 za memori anatenga baiti 1 ya kukumbuka kama hapo panaruhusiwa kuguswa au hapana. Laptopu ikawa inatembea kama punda wa mkaa. Akachomoa waya. Safari hii badala ya kufa kimya ikamwaga maandishi kibao kwa jirani, na juu kabisa imeandika kwamba kuna mtu ametumia memori ambayo ilishaachiwa, na fankshoni gani (kipande cha kodi chenye kazi yake) imeitumia, na fankshoni gani iliiachia. Mimi nilidhani atashangilia, yeye akasema tu "ehe" akaenda kuswali.

Aliporudi akanionyesha. Ile draiva ina taima, kila baada ya muda mfupi inaamka inaomba uzito kwa mizani. Waya ukichomoka keneli inaiita fankshoni ya draiva ya kuagana na kifaa, na iliyoandikwa na mtengenezaji ilikuwa na mistari minne tu, mmoja wapo unaachia memori yote ya mizani, na hakuna mstari hata mmoja unaosimamisha taima. Kwahiyo kifaa kimeshaondoka, nyumba imeshavunjwa, halafu baada ya nukta kadhaa taima inaamka inaingia ndani kutafuta kitanda chake. Ukiwa umewasha hali ya uchunguzi keneli inaipaka memori iliyoachiwa baiti za 6b, alama tu ya kuonyesha hapo pameshaachiwa, na kweli kwenye yale maandishi nikaona kwa macho yangu 6b6b6b6b6b6b mahali ambapo palitakiwa pawe na anwani, akasema ukiona hiyo ujue umeingia kaburini.

Nikasema si uisimamishe taima tu tuondoke. Hapo ndo nikajua kwanini wale wengine wasingeweza. Taima ikiamka haifanyi kazi yenyewe, inamtuma kibarua (ndo neno alilotumia, kwenye keneli kuna foleni ya kazi za pembeni), na kibarua akimaliza anaiwasha taima tena. Ukisimamisha taima wakati kibarua yuko kazini, atamaliza ataiwasha upya. Ukimsimamisha kibarua kwanza, taima itamtuma mwingine. Wanapokezana kama watoto wanaojificha nyuma ya nyumba, unazunguka kulia wao wanazunguka kushoto. Toka keneli 6.2 ya mwaka 2023 kuna njia ya kuifunga taima moja kwa moja kiasi kwamba hata mtu akijaribu kuiwasha haiwaki, na inasubiri kama kuna iliyo katikati ya kazi imalize ndo inarudi, akatumia hiyo, kisha akamsubiri kibarua amalize, kisha akaua maombi ya USB yaliyokuwa bado njiani, ndo mwisho kabisa akaachia memori. Mistari kama sita. Mistari sita jamani, na mimi nilishanunua RAM.

Ya asubuhi nayo ilikuwa ni upande wa pili wa jambo hilohilo, kuanza badala ya kumaliza. Kifaa kikichomekwa keneli inaita fankshoni ya draiva inaitwa probe, humo ndo inaomba memori, inaandaa kufuli (ya kuzuia wawili wasiguse kitu kimoja kwa pamoja), inaandaa bafa (pa kuwekea uzito unaoingia), halafu inajisajili, na kujisajili maana yake ni kuwatangazia watu wote kwamba mizani ipo njooni. Hii yetu ilikuwa inajisajili kwanza halafu ndo inaandaa kufuli na bafa. Mara nyingi inawahi, lakini programu yetu ya hesabu inajiwasha yenyewe asubuhi na inakimbilia mizani mara tu ikitangazwa, siku nyingine inafika kabla bafa haijawekwa, inakuta pointa tupu, yaani anwani isiyoelekeza popote, inakufa. Ni sawa na kufungua dirisha la kuuzia wakati mizani bado iko ndani ya boksi, mteja wa kwanza akichelewa hakuna anayejua, akiwahi ni aibu. Dawa ilikuwa ni kuhamisha mstari mmoja kutoka juu kwenda chini, kujisajili kukawa ndo jambo la mwisho kabisa. Pia akabadilisha kmalloc moja (fankshoni ya kuombea memori) kuwa kzalloc, tofauti yake kzalloc inakupa memori iliyofutwa yote sifuri, ile nyingine inakupa na makombo ya aliyekuwepo, na kuna mahali draiva ilikuwa inasoma makombo hayo inadhani ni mipangilio yake.

Na ule uzito wa laptopu wa siku ya tatu? Ni ile probe kuishia njiani. Ina hatua tano, ya nne ikishindwa, mfano mizani haijapata umeme vizuri haijibu, draiva ilikuwa inaondoka tu, mizigo ya hatua tatu za nyuma inaiacha barazani. Kila umeme ukirudi kwa kusuasua inajaribu, inashindwa, inaacha mizigo mingine, memori inajaa, laptopu inakuwa nzito. Fundi akaandika ngazi ya kushukia, kwenye kodi za keneli wanatumia goto (amri ya kuruka) kwa kazi hii na hawaoni aibu, ukishindwa hatua ya nne unaruka mpaka sehemu inayofungua ya tatu, unateremka ya pili, ya kwanza, unatoka na jibu kwamba umeshindwa. Kinyume na ulivyopanda, daima. Na la kuchekesha, ile ya zamani ikishindwa ilikuwa inarudisha sifuri, maana yake imefanikiwa, kwahiyo keneli inaamini mizani ipo.

Mimi kwa ujuaji wangu (nina diploma, inaniwasha) nikamwambia si kuna zile fankshoni za devm, ambazo ukiombea memori kwa hizo keneli inajiachia yenyewe kifaa kikiondoka, zipo toka 2007 enzi za 2.6.21, kwanini ujichoshe na ngazi. Akanitazama kama shangazi anavyomtazama mtoto aliyeingilia maongezi. Akasema ni nzuri, na sehemu mbili ametumia, ila sio kila mahali, kwa sababu programu yetu ya hesabu inakuwa bado imeshika faili la mizani wakati waya unachomoka. Ukitumia devm kwa memori hiyo itaachiwa kifaa kinapoondoka, wakati programu bado iko mlangoni inasoma, unarudi kulekule kwa 6b. Kwahiyo memori kuu akaiwekea hesabu ya watumiaji, kila anayeingia anaongezwa, anayetoka anapunguzwa, wa mwisho kutoka ndo anafunga mlango, na wale waliobaki ndani kifaa kikiwa kimeshaondoka wanajibiwa tu kwamba hakuna kifaa. Hapo nilinyamaza mpaka jioni.

Kilichonifanya nimuamini hasa ni majaribio. Hakuchomoa waya mara mbili akasema tayari dada leta hela. Aliandika skripti ya kuiachanisha draiva na kisanduku na kuiunganisha tena, mara 500, usiku kucha, programu ya hesabu ikiwa imewashwa inasoma. Halafu akawasha kitu ndani ya keneli cha kuinyima memori makusudi, yaani draiva inaomba inaambiwa hakuna, mara hatua ya kwanza, mara ya tatu, mara ya tano, aone kama inashuka ngazi vizuri. Kwenye hatua ya tano ikaanguka! Kumbe kosa lake mwenyewe, ngazi ilikuwa inamsubiri kibarua ambaye alikuwa hajaandaliwa bado, keneli ikalalamika. Akarekebisha akaanza upya 500. Angeweza asiniambie, mimi ningejuaje.

Sasa mabaya, maana sio malaika. Aliniambia siku tatu, zikawa saba, na simu hapokei, unatuma meseji anajibu kesho yake saa tano usiku "bado dada". Mbalamwezi ikaisha vipe vikarudi ziwani, sisi siku mbili tunapima kwa mizani ya jiwe ya kuazima, mjomba ananinunia. Kiti pale hakuna, unakaa kwenye ndoo. Risiti aliandika kwenye karatasi ya daftari baada ya kumkumbusha mara mbili, wenye ofisi zinazotaka risiti ya mashine msiende.

Na kuna moja alisahau kabisa. Wiki ya pili laptopu ikajisasisha, keneli mpya ikaingia, mizani ikapotea. Haikustaki, ilipotea tu. Draiva ya namna hii haipo ndani ya Linux yenyewe, iko nje, imejengwa kwa keneli ile ya jana, ikija nyingine inatakiwa ijengwe upya. Nikampigia (alipokea, ajabu), akasema hilo kosa langu, njoo. Akaweka DKMS, ambayo kila keneli mpya ikiingia inaijenga draiva yenyewe, akanionyesha na amri ya kuhakikisha. Hakuchukua hela ila bajaji nililipa mwenyewe, na hili alitakiwa aliweke toka siku ya kwanza, nimemwambia usoni.

Pia alimwandikia mtengenezaji barua pepe yenye marekebisho yote, kila kosa kipande chake peke yake na maelezo yake, sio rundo moja. Mpaka leo hawajajibu. Kwahiyo mwenye mizani kama yangu ukichukua draiva ya flashi unapata ile ile mbovu, muombe fundi ya kwake, anatoa bure, anasema leseni ya hiyo draiva ni GPL, inayoruhusu kodi kubadilishwa na kugawiwa, kwahiyo inamruhusu na hata ingekuwa haimruhusu asingekubali watu wa Kibirizi wateseke.

Bei. Alisema laki na nusu nikamlilia akashuka mpaka laki na ishirini, arobaini unatanguliza, iliyobaki ukishaona mwenyewe inachomolewa mbele yako. Kuangalia tu tatizo ni elfu kumi, inakatwa kwenye bei ukikubali kazi. Kwa mtu anayetaka kuwekewa Windows na Microsoft Office hilo sio duka lako, atakuelekeza Mwanga. Ijumaa mchana hayupo. Nenda na kifaa chenyewe, na waya ule ule, na kama kuna flashi iliyokuja na kifaa ibebe hata kama imevunjika kifuniko, na tafadhali usiipige fomati kwanza.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa zile siku nne na kwa DKMS. Toka hapo ni mwezi wa tatu, umeme umekatika sijui mara ngapi, jana kijana wa magunia ameukanyaga waya mara mbili kwenye saa moja, laptopu ikaandika tu kwamba mizani imeondoka, akauchomeka, ikaendelea na gunia lile lile. Mjomba sasa anataka nimpelekee fundi na ile printa ya risiti inayotoa karatasi nyeupe, nimemwambia asubiri mbalamwezi.